Siku Tulipopima Vitabu vya Keki

Kama umewahi kupita barabara ya vumbi inayotoka Bulyanhulu kwenda Kahama na hukusimama kijiweni kwetu, basi wewe ulipita tu, hukufika. Benchi letu limeundwa kwa magogo yaliyokataliwa kule kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, yaani hayafai kuzuia mwamba usiwaangukie wachimbaji, lakini kwa makalio yetu yanatosha. Kijiwe kinaitwa Mizani Miwili kwa heshima ya Masele, broka wa dhahabu, ambaye watu wanasema ana mzani wa kununulia na mzani wa kuuzia. Yeye anakana mizani, jina halikani. Kushoto kwake hukaa Mzee Mabula, mtu wa Kishapu, ambaye kazi yake ni marudio: ananunua mchanga ambao wenzake wameshauosha na kutoa dhahabu, anauosha upya, kwa imani kwamba binadamu wote ni wazembe isipokuwa yeye. Wa tatu ni mimi, bodaboda namba moja wa senta hii, na wanaobisha waulize abiria wangu waliobaki hai. Naitwa Shahada. Shule niliiacha darasa la sita na mpaka leo sijaona walichokipata waliobaki. Anayetuweka pamoja ni dada Vumilia, Mama Wiliam kwa watu wenye adabu, na jiko lake la mkaa, birika lake la kahawa, na maandazi ambayo nimeona yakiwapatanisha watu waliokwisha kushikana mashati.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Dada Vumi alivuka barabara kutoka kwenye mkeka wa Edward, yule muuza vitabu vya mitumba, amekumbatia vitabu vitatu kama mtu aliyebeba watoto wa jirani. Akapangusa benchi kwa ncha ya kitenge, akavilaza katikati yetu.

Vumilia: Nipimieni hivi.

Masele: Nini hivi?

Vumilia: Vitabu vya kuoka. Keki, mikate, pai, mambo ya unga. Uwezo wangu ni kimoja tu. Edward ameniachia nivitazame, lakini anaondoka na gari la mchana, na harudi mpaka gulio la mwezi ujao.

Mimi: Si uchague mwenyewe, dada Vumi? Kidato cha pili umefika, macho unayo.

Vumilia: Nilichagua mwenyewe lile darasa la keki la kwenye simu. Mwalimu akanifundisha kupasua yai. Nikatuma ada ya somo la pili, akaifungia namba yangu. Sasa nyinyi mnakaa hapa kutwa na mawe ya watu mikononi. Hili lina mali, hili halina, huyu muongo, yule tapeli. Na mimi nataka watu wasiomwamini mtu. Nipimieni.

Masele alifurahi mpaka akasahau kuficha. Akatoa mfukoni kile kioo chake cha kukuzia, anachotumia kutazamia mawe, akakifuta kwa shati.

Mzee Mabula: Lakini mwanangu, keki ya nini? Nani anakula keki hapa?

Vumilia: Noela anaolewa, anaagwa. Sendofu yake si Jumamosi hii inayokuja, ni ile ya pili yake. Mama Philomena ndiye mwenyekiti wa kamati. Amesema Jumapili nimpelekee keki aonje. Ulimi wake ukikubali, keki ya sendofu naoka mimi, na kamati zote anazokaa yule mama, ananipa mimi. Ukikataa, wanaagiza Kahama kama siku zote.

Mimi: Ile ya Kahama inafika imelala ubavu.

Vumilia: Inafika imelala na bado wanailipia. Ndiyo maana sitaki kukosea. Mama Philomena akishatema kitu mara moja, senta nzima imeshakitema.

Hapo hata mimi nilikaa vizuri. Mama Philomena namjua. Huyo mama alionja pilau ya harusi fulani, akaweka sahani chini bila kusema neno, na mpishi wa ile pilau sasa hivi anauza vocha.

Masele alianza na kitabu kikubwa, kile chenye karatasi za kung'aa. Kilikuwa cha Kiingereza, kizito kama tofali, kila ukurasa keki moja imekaa kama bibi harusi. Akashusha kioo, akainamisha pua, akakaa hivyo kwa muda.

Masele: Mzee Mabula, mtu akikuletea jiwe linang'aa pande zote, unafanyaje?

Mzee Mabula: Namrudishia, halafu nahesabu vidole vyangu.

Masele: Basi. Jiwe lenye mali, kwa nje linaonekana la ovyo, huwezi hata kuligeukia. Likimetameta, ujue mtu amelinyunyizia vumbi la dhahabu juu ili akuuzie kokoto. Hii keki imenyunyiziwa.

Vumilia: Hiyo ni sukari ya unga, Masele.

Masele: Mama Wiliam, tazama krimu hii. Ukurasa mzima, hakuna nzi hata mmoja.

Mzee Mabula: Kweli. Keki iliyokaa wazi bila nzi?

Masele: Kama nzi hataki, kuna sababu. Hii si keki. Hii ni sabuni.

Mimi: Mimi naona godoro. Hapa walipokata, ona vitundu. Ni godoro limepakwa rangi.

Masele: Na hata kama ni keki, nani amesema imetoka kwenye maelezo haya? Wameinunua dukani, wakaipiga picha, wakaandika maneno pembeni. Jiwe la shimo lingine, karatasi ya shimo lingine. Mchezo wa zamani huo.

Nikavuta kitabu kwangu. Kiingereza changu si cha kujionyesha, lakini chini ya maneno kulikuwa na picha ndogondogo za mikono, na mikono haina lugha. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa zile pai zinazotoka tabaka tabaka.

Mimi: Sikilizeni. Anakanda unga. Anaupaka siagi. Anaukunja kama shuka. Anaulaza kwenye friji. Anautoa, anaukunja tena, anaulaza tena.

Mzee Mabula: Anaulaza unga?

Mimi: Anaulaza.

Mzee Mabula: Umechoka nini? Umeshinda shimoni?

Vumilia: Ni ili siagi isiyeyuke, mzee. Ikibaki ngumu ndiyo inatenganisha tabaka.

Mzee Mabula: Hapa kwetu siagi inakuwa mchuzi kabla hujafika nayo nyumbani. Hicho kitabu hakijui tunaishi wapi.

Masele: Kinajua vizuri sana. Ukurasa huu friji, ukurasa huu friji, huu nao friji. Hiki hakikuandikwa na mpishi. Kimeandikwa na wauza mafriji.

Vumilia akatazama upande wa pili wa barabara. Edward alikuwa anamhudumia mtu wa kamusi. Akatumiminia kahawa. Masele akakisukuma kitabu kikubwa kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani ya jana, akavuta cha pili.

Cha pili kilikuwa cha Kiswahili, safi, kipya kabisa, jalada jekundu. Juu palikuwa na picha ya mwanamke mwembamba mwenye kofia nyeupe, anacheka. Chini ya kila ukurasa palikuwa na alama ya mfuko wa unga.

Mimi: Huyu hajawahi kula anachopika. Ona shingo.

Masele: Acha shingo. Ona huu mfuko. Kampuni ya unga ndiyo imelipia uchapaji.

Vumilia: Si vibaya. Wanasaidia watu wajue kuoka.

Masele: Mama Wiliam, mtu wa unga akikuandikia kitabu, atakuambia tia unga kidogo?

Ukweli ni kwamba hilo lilinigusa, na mimi siguswi ovyo.

Mzee Mabula: Amezidisha.

Masele: Kila mahali amezidisha. Pakiandikwa vikombe vitatu, ujue ni kimoja na nusu. Nusu ni ya mpishi, nusu ni ya kampuni.

Vumilia: Nikitia nusu, Masele, nitampelekea Mama Philomena uji.

Masele: Uji wa kweli ni bora kuliko keki ya kudanganywa.

Mzee Mabula: Mimi nina swali lingine. Huyu mama wa kofia ana biashara yake ya keki, inaenda vizuri, anacheka. Kwa nini anifundishe mimi nije kumpora wateja? Mimi nikijua mwamba wa dhahabu ulipo, nitakuchorea ramani?

Mimi: Wewe mzee, mgeni akikuuliza choo kiko wapi, unamuuliza anataka kukifanyia nini.

Mzee Mabula: Na ninafanya vizuri.

Masele: Mzee amesema neno. Anayejua kitu hakitoi chote. Kwenye kila pishi hapa, huyu mama ameondoa kitu kimoja. Ukipika, inakaribia kuwa tamu, lakini haiwi. Unajilaumu wewe, kumbe ni yeye. Tukitafute alichoondoa.

Tukainama wote watatu. Vichwa vikagongana. Nikasoma kwa sauti: unga, sukari, siagi, mayai, maziwa, unga wa kuumulia.

Mimi: Chumvi. Hakuna chumvi.

Masele: Mmeona?

Vumilia: Geuza ukurasa. Imo upande wa pili.

Nikageuza. Kweli ilikuwepo, chumvi nusu kijiko.

Masele: Ameificha upande wa pili.

Dada Vumi akakaa kwenye kigoda chake, mikono kwenye mapaja, akamtazama Masele kama anavyotazama andazi lililogoma kuvimba. Lakini hakuondoka. Ndicho kitu ninachokumbuka. Alikuwa ametuamini kweli. Akachukua mwenyewe kitabu cha tatu, akakiweka mbele yetu taratibu.

Cha tatu kilikuwa chembamba, jalada limechanika, kinanukia vanila na moshi. Kurasa zake zilikuwa na madoa ya mafuta. Zile za mwanzo yalikuwa kidogo, lakini ukurasa wa keki ya ndizi ulikuwa karibu umegeuka kioo, unaona mpaka maneno ya nyuma.

Mimi: Hiki mimi nakipitisha. Hiki kimefanya kazi. Pikipiki yenye matope ndiyo inayofika.

Masele: Kama kilikuwa kizuri, mwenyewe kakiuzia nini?

Hapo nikanywa kahawa, ambayo ni njia yangu ya kufikiri.

Masele: Mtu anauza kitu kinachompa mkate? Huyu alioka, akaoka, ikagoma. Tena ilimgomea hapohapo kwenye ndizi. Hebu ona alivyohangaika.

Mimi: Alipika keki ya ndizi mpaka mume akahama.

Masele: Mume akahama, akabaki analia juu ya kitabu. Haya yote ni machozi.

Mzee Mabula: Machozi hayaachi duara linalong'aa. Hayo ni mafuta.

Masele: Basi alilia akiwa anakaanga.

Mzee Mabula akakipokea kitabu, akakipima kiganjani kama anavyopima mchanga wake. Nilijua atakipenda. Kazi yake nzima ni vitu walivyotupa wengine.

Mzee Mabula: Hiki ni marudio. Mali yake imeshatolewa na mwenyewe. Lakini marudio hayaishi kabisa, mwanangu. Watu ni wazembe, wanaosha juu juu. Chini huwa pana kitu.

Vumilia: Kwa hiyo nichukue hiki?

Mzee Mabula: Sijasema uchukue. Nimesema pana kitu. Kuna marudio nimeosha mpaka kucha zikatoka, nikapata vumbi la kujaza jino.

Vumilia: Jamani, gari linakuja. Mnasema kipi?

Hapo Masele akasimama. Masele akisimama ujue linakuja jambo kubwa au anataka kukwepa zamu yake ya kulipa. Akasema vitabu haviwezi kupimwa kwa macho. Vipimwe kama jiwe linavyopimwa: unachukua kipande cha huku, kipande cha katikati na kipande cha kule, unaponda, unachanganya, jibu liko katikati. Akaamuru tutafute keki ya kawaida, ile ya kila mtu, kwenye vitabu vyote vitatu.

Tukatafuta. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu vitabu havikukubaliana hata kidogo. Kikubwa kilitaka mayai mengi kama ya duka. Cha kampuni kilitaka machache. Cha madoa kilitaka mawili tu. Sukari kila mmoja na yake. Maziwa, mmoja hakuyataja kabisa.

Masele: Watu watatu wanaeleza tukio moja, kila mtu na lake. Polisi wangewalaza ndani wote.

Mzee Mabula: Kwenye mayai mimi nawaelewa. Mayai ya kwao ni ya kuku anayekaa bandani kula tu. Kuku wa Kishapu anatembea kutwa kutafuta chakula, yai lake unalimeza bila kutafuna. Hesabu haiwezi kuwa moja.

Vumilia: Hilo ni la kweli, mzee. Asante.

Masele: Ni la kweli, na ndiyo ujue wanafanya makusudi. Wanajua mayai yetu madogo. Wanatupa hesabu ya mayai yao, keki inakauka, sisi tunasema hatuwezi, tunaagiza kwao.

Mimi: Kwao wapi? Kahama?

Masele: Kahama nao wanaagiza mahali.

Nikaokota kipande cha mkaa na kipande cha boksi. Hesabu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nikiwashinda wenzangu shuleni, muulize yeyote, isipokuwa mwalimu. Tukachukua mayai ya katikati. Sukari ya katikati. Maziwa, kwa kuwa mmoja hakutaja, tukamwona ndiye mkweli kidogo, tukapunguza. Unga tukautilia mashaka zaidi kwa sababu ya kampuni. Tukafika kwenye kuumua. Cha madoa kilisema hamira. Cha kampuni kilisema unga wa kuumulia. Kikubwa hakikutia chochote, kilipiga mayai tu.

Masele: Tia kidogo cha kila mmoja. Anayedanganya watamfunika wenzake.

Nikamaliza, nikapuliza vumbi la mkaa, nikamkabidhi dada Vumi boksi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi ya ndoa. Akasoma. Akasoma tena.

Vumilia: Hii ni keki au mnaziba ufa?

Mimi: Ndiyo wastani huo, dada. Kitaalamu kabisa.

Vumilia: Shahada, hamira inataka kuachwa kwenye joto polepole, kama maandazi haya unayokula. Unga wa kuumulia ukishalowa unataka moto palepale. Na haya mayai unayapiga mpaka mkono unakufa ganzi, halafu hutakiwi hata kukohoa karibu yake. Nyinyi mmewaweka chumba kimoja. Niisubiri au niikimbize?

Masele: Unaona? Hata wao kwa wao hawapatani. Ndiyo dalili yenyewe.

Vumilia: Hawapatani kwa sababu ni keki tatu tofauti.

Masele: Zote zimeandikwa keki ya kawaida. Kawaida ngapi duniani?

Wakati huo ng'ambo ya barabara Edward alikuwa ameanza kupanga vitabu kwenye maboksi. Masele akaweka mikono mdomoni.

Masele: Edward! Katika hivi vitatu, kipi kizuri?

Edward: Vyote vinaoka, kaka. Chukua chochote.

Masele: Wewe ungechukua kipi?

Edward: Mimi sioki, nauza.

Masele akaketi, akaturudia kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu aliyepata ushahidi.

Masele: Mmemsikia. Amekiri. Na jiulizeni, kwa nini alimwachia Mama Wiliam aondoke navyo bila hata kushikilia kitu? Muuzaji akikuachia jiwe uende nalo nyumbani, lile jiwe halina kitu.

Vumilia: Aliniachia kwa sababu ananijua. Anakunywa kahawa hapa kila gulio.

Masele: Anakunywa, ndiyo. Je, anamaliza kikombe?

Hakuna aliyekuwa amewahi kuangalia. Hilo likatutisha kidogo. Mzee Mabula akakivuta kikombe chake karibu na kifua, akatoa hukumu kwa niaba ya benchi.

Mzee Mabula: Mwanangu, mimi naona usinunue. Vyote vina walakini. Subiri mwezi ujao ataleta vingine.

Vumilia: Mwezi ujao Noela atakuwa kwa mumewe.

Mzee Mabula: Wasichana wataendelea kuolewa. Hawaishi.

Masele: Na jiko lako la mkaa, Mama Wiliam. Humu wameandika moto mia moja themanini. Mia moja themanini ya nini? Utaipima kwa kidole?

Vumilia: Naweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, naweka mkaa juu ya mfuniko. Nimeshajaribu. Inaiva.

Masele: Inaiva leo. Siku ya Mama Philomena itagoma. Unajitafutia kesi ya nini? Maandazi yako hayana ubaya wowote.

Mimi: Hayo hata usiyaguse. Na kahawa hii, dada Vumi, mimi nimeendesha mpaka Geita, mpaka Runzewe, sijapata kahawa kama hii. Mtu mwenye kahawa kama hii anahangaika na keki?

Mzee Mabula: Niongeze kidogo hapa, mwanangu. Wabeja sana, asante.

Akamwongeza. Mkono wake ulikuwa mzito. Nilimwona anavipanga vile vitabu kimoja juu ya kingine, kikubwa chini, chembamba juu, anazisawazisha kingo kwa viganja vyake vyenye unga mkavu kwenye kucha. Alikuwa anajiandaa kuvirudisha. Alishaamini kwamba amenusurika. Na sisi tulikuwa tumekaa vile wanavyokaa watu waliomwokoa mtu.

Ndipo akaja Rhoda. Huyu Rhoda ni fundi cherehani, wakati huo hata wiki hajamaliza tangu afungue chumba mkabala na sisi. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na sindano mbili zimechomekwa kifuani. Hatukuwa tumemzoea.

Rhoda: Shikamoo mzee. Habari zenu. Naomba kikombe, mama, na kashata mbili.

Mzee Mabula: Marahaba, mwanangu. Kaa. Sogea huko Shahada.

Rhoda: Mna vitabu leo?

Nikamweleza, maana kueleza ni kipaji changu. Nikamweleza kuhusu Mama Philomena na kuonja kwa Jumapili, nikamweleza sabuni, wauza mafriji, nusu ya kampuni, machozi ya ndizi, na jinsi tulivyomwepusha dada yetu na utapeli mkubwa. Akasikiliza anatafuna kashata. Hakucheka mahali pa kucheka.

Rhoda: Kwa hiyo akipata hizo kazi za keki, hapa kahawa atachemsha nani?

Aliuliza hivi hivi tu. Hakuwa na ubaya wowote. Mgeni, anataka kujua atakunywa wapi.

Masele akachukua kioo chake akaanza kutazama gogo la benchi. Mzee Mabula akapuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa zamani. Mimi nikatoa simu mfukoni kusoma ujumbe, na simu ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Bodaboda zilipita mbili, tatu. Rhoda akaendelea kutafuna kashata yake.

Dada Vumi alikuwa ameinama na birika mkononi. Akainua uso. Akamtazama mmoja mmoja, bila haraka, kama anayehesabu vikombe vyake baada ya gulio.

Vumilia: Masele.

Masele: Mimi nilikuwa naangalia karatasi tu.

Vumilia: Mzee.

Mzee Mabula: Aa, mwanangu.

Vumilia: Shahada. Wewe una jibu la kila kitu.

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na la Runzewe, na la mafriji, na moja zuri sana kuhusu wanasiasa na maziwa ya unga. La hilo sikuwa nalo.

Vumilia: Kumbe.

Akammiminia Rhoda kikombe, akaliinamisha birika mpaka machicha yakaanza kutoka, akalitua chini kwenye vumbi. Akajifunga kitenge upya. Akavichukua vitabu vyote vitatu, akavuka barabara.

Gari la Kahama lilikuwa limeshapiga honi. Tuliona Edward anamwonyesha kwamba ameshafunga maboksi, na tukamwona dada Vumi anaketi juu ya boksi, anafungua kitabu cha juu, anasoma. Hakutazama picha. Alikuwa anafuata mistari kwa kidole, midomo inatembea. Kondakta akapiga kelele. Edward akamfanyia ishara asubiri, akasimama pembeni mikono mbele kama mtu aliye msikitini. Dada Vumi akafunga hicho, akafungua kingine, akaenda moja kwa moja mpaka kurasa za mwisho, akarudi katikati, akacheka peke yake. Sijui alisoma nini. Tangu asubuhi vitabu vile vilikuwa kwetu, na sisi watatu hatukuwa tumesoma ukurasa mmoja mpaka mwisho.

Akafungua fundo la kitenge, akatoa hela, akalipa. Edward akaingia garini na vitabu viwili kwapani. Vumbi likapanda, likakaa hewani, likashuka. Lilipoisha, dada Vumi alikuwa anaelekea nyumbani kwake kwa njia ya nyuma ya mashine ya kusaga, na kitabu amekibana kifuani, jalada kwa ndani.

Masele: Mimi nimeona rangi nyekundu. Ni kile cha kampuni.

Mzee Mabula: Kilikuwa chembamba.

Masele: Kwa mbali hivyo vyote vyembamba. Shahada, wewe una macho. Amechukua kipi?

Mimi: Sijaona.

Mzee Mabula: Kamuulize, Masele.

Masele akatazama ile njia ya nyuma ya mashine. Akatazama birika pale chini, halafu jiko, ambalo mkaa wake ulikuwa bado mwekundu, unaivisha hewa. Akavuta kikombe chake, akakiinamisha, akakirudisha.

Masele: Nenda wewe, mzee. Wewe anakuheshimu.

Mzee Mabula: Alikuwa ananiheshimu.

Rhoda akamaliza kahawa yake, akasifu kwamba ni nzuri, akaacha malipo kwenye kigoda cha dada Vumi, akarudi kwenye cherehani yake. Tulimsikia akikanyaga. Sisi tulibaki pale na vikombe vitupu, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuuliza.